Wachoraji Walivyoitazama Kazi ya Nyumbani

Kazi ya nyumbani ina tabia moja inayoitenga na kazi nyingine zote: huonekana siku ile tu isipofanyika. Chakula kikiwa mezani kwa wakati, sakafu ikiwa imepigwa deki na nguo zikiwa zimepigwa pasi, hakuna anayeuliza. Lakini moto ukichelewa kuwashwa asubuhi moja tu, nyumba nzima hujua. Fundi wa kiwandani huhesabiwa kwa jora za khanga alizotoa. Je, mama wa nyumbani au mtumishi wake huhesabiwa kwa nini? Sahani aliyoiosha saa saba mchana itakuwa chafu tena saa mbili usiku.

Kwa hiyo ni jambo la kutufikirisha kwamba walikuwapo wachoraji walioichukua sahani hiyo, pamoja na ndoo, ufagio na mikono iliyovishika, wakavifanya kiini cha picha zao. Makala haya yanahusu picha chache za namna hiyo zilizochorwa Uholanzi na Ufaransa kati ya miaka ya 1640 na 1880. Huenda ukauliza picha za kale za Ulaya zinamhusu nini mfanyakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mwanza. Zinamhusu kwa kuwa swali lililomo ndani yake ndilo lililomo majumbani mwetu: yule anayetufanyia kazi hizi, tunamwona?

PICHA ZILIZODHARAULIWA

Katika Ulaya ya zamani picha zilikuwa na vyeo kama watu. Mwaka 1667 Mfaransa André Félibien aliandika utaratibu wa vyeo hivyo kwa niaba ya chuo cha kifalme cha wachoraji cha Paris. Juu kabisa ziliwekwa picha za visa vya dini na za matendo ya wafalme na mashujaa. Chini kabisa ziliwekwa picha za matunda na maua. Picha za maisha ya kila siku, kama mtu anayemenya viazi au anayefua, nazo zilihesabiwa kuwa duni. Mchoraji aliyetaka heshima alichora vita. Aliyechora jiko alionekana hana makuu.

Uholanzi ilikwenda njia yake. Nchi hiyo ndogo ilipigana na Hispania kwa muda wa miaka themanini, na uhuru wake ukatambuliwa rasmi mwaka 1648. Makanisa yake ya Kiprotestanti hayakutaka picha ukutani, wala hapakuwa na mfalme wa kuagiza picha za kumtukuza. Wanunuzi wakawa wafanyabiashara, wenye viwanda vya pombe, waoka mikate na watu wengine wa mjini waliojipatia fedha. Tusisahau kwamba sehemu ya utajiri huo ilitoka mbali. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki iliundwa mwaka 1602, na viungo ilivyouza vilitokana na jasho, na mara nyingi na damu, ya watu wa Asia. Mabwanyenye hao wapya hawakuwa na babu shujaa wa kuchorwa. Walichokuwa nacho ni nyumba safi, kabati lililojaa mashuka, na mtumishi jikoni. Hivyo ndivyo walivyotaka kuviona ukutani.

MWANAMKE AMIMINAYE MAZIWA

Picha inayojulikana kupita zote za aina hiyo ilichorwa na Johannes Vermeer katika mji wa Delft yapata mwaka 1657 au 1658. Ni ndogo sana: kimo chake sentimita 45 na nusu, upana wake sentimita 41. Tangu mwaka 1908 imo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam.

Mtumishi wa jikoni amesimama karibu na dirisha. Anamimina maziwa kutoka gudulia kuingia katika chungu cha udongo. Mezani pana mikate mizima na vipande vya mkate, na wachunguzi wengi hudhani kwamba anatayarisha uji wa mkate na maziwa, chakula ambacho hakikuacha mkate mkavu utupwe. Mikono ya nguo yake imekunjwa. Ukutani pana msumari na matundu ya misumari iliyokwisha kung'olewa. Sakafuni kuna kijisanduku cha makaa cha kupashia miguu joto. Hakuna kingine kinachotokea. Mwanamke ameyatazama maziwa, na maziwa yanashuka.

Mtazame hata hivyo jinsi alivyosimama. Mwili wake mnene umejaza picha kama mnara. Aproni yake ni ya buluu, nayo buluu hiyo ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa katika milima ya Afghanistan, rangi iliyokuwa miongoni mwa rangi za bei ghali kabisa wakati ule. Wachoraji wa Ulaya walizoea kuiweka akiba kwa ajili ya vazi la Bikira Maria. Vermeer aliipaka kwenye aproni ya mpishi.

Mwaka 2022 wataalamu wa Rijksmuseum walieleza walichokigundua baada ya kuipiga picha hiyo kwa vyombo vya kisasa vinavyoona chini ya rangi. Awali Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia magudulia nyuma ya kichwa cha mwanamke, na chini akachora kapu la kuwekea moto, chombo ambacho watu walikitumia kukaushia nguo za watoto. Baadaye alivifuta vyote viwili. Aliondoa vyombo ili abaki mtu. Hadi leo picha hii imepata watazamaji wengi. Mwaka 2023 peke yake, maonyesho ya Vermeer katika jumba hilo yalitembelewa na watu wapatao 650,000.

JINA LA TANNEKE

Baada ya kumsifu mchoraji, tuulize habari za aliyechorwa. Jina lake halikuandikwa popote. Picha hiyo ilipouzwa kwa mnada mjini Amsterdam mwaka 1696, ilipata gulden 175, bei ya pili kwa ukubwa kati ya picha 21 za Vermeer zilizouzwa siku ile. Bei imehifadhiwa katika kumbukumbu, na mwanamke hakuhifadhiwa.

Hata hivyo tunalijua jina la mtumishi mmoja wa nyumba aliyoishi Vermeer. Nyumba hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake, Maria Thins, na mtumishi huyo aliitwa Tanneke Everpoel. Hatulijui kwa sababu ya sanaa. Tunalijua kwa sababu ya ugomvi. Mwaka 1666 Tanneke alitoa ushahidi mbele ya mwandishi wa hati mjini Delft. Alieleza kwamba Willem, shemeji yake Vermeer, alikuwa akija nyumbani na kufanya fujo, na kwamba alitaka kumpiga dada yake Catharina, mkewe Vermeer, ambaye alikuwa mja mzito, kwa fimbo yenye ncha ya chuma. Tanneke ndiye aliyeingia kati akamzuia.

Wapo waliodhani kwamba Tanneke ndiye mwanamke wa maziwa, lakini hakuna hati inayothibitisha jambo hilo. Linalothibitika latosha. Mtumishi ambaye kazi yake ilikuwa kupika na kusafisha alimkinga bibi wa nyumba pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Kazi hiyo haimo katika mapatano ya mshahara wa nyumba yoyote duniani, nasi sote twajua kwamba yaya na watumishi huifanya kila mwaka bila kuandikwa.

Mkate ule uliochorwa kwa ustadi nao una habari yake. Mwaka 1672 Ufaransa iliivamia Uholanzi, biashara ya picha ikaanguka, na Vermeer akafa mwaka 1675 akiwa na umri wa miaka 43, akiacha mjane na watoto kumi na mmoja. Mwaka uliofuata mjane huyo alimkabidhi mwoka mikate picha mbili za marehemu, kwa ajili ya deni la mkate lililozidi gulden 600.

KICHEKO CHA TAJIRI

Si kila mchoraji aliyemtazama mtumishi kwa heshima. Nicolaes Maes, aliyekuwa mwanafunzi wa Rembrandt, alichora mwaka 1655 picha iitwayo Mtumishi Mvivu, ambayo sasa imo katika jumba la National Gallery, London. Msichana wa kazi amesinzia, kichwa amekiegemeza mkononi. Masufuria na sahani chafu zimetapakaa sakafuni miguuni pake. Nyuma yake paka anaiba ndege aliyekwisha kunyonyolewa. Katika chumba cha ndani watu wamekaa mezani. Bibi wa nyumba amesimama kando, anamnyooshea mtumishi mkono huku akitabasamu. Wala hamtazami msichana, anatutazama sisi.

Tabasamu hilo ni mwaliko. Latuambia, "Mwaona watu hawa walivyo!" Mnunuzi wa picha, ambaye naye alikuwa na mtumishi, alicheka pamoja na bibi huyo. Lakini sisi tunaweza kuukataa mwaliko, tukauliza maswali ambayo picha haiyaulizi. Msichana huyu aliamka saa ngapi? Nani aliyewasha moto, akachota maji, akamnyonyoa ndege huyo? Na vyombo vyote vile vilivyo sakafuni, ni nani waliovichafua? Usingizi unaoitwa uvivu mara nyingi ni hesabu ya saa za kazi zisizohesabiwa.

Mwenzao Pieter de Hooch alikuwa na macho mengine. Hati ya mwaka 1653 inamtaja kuwa mtumishi wa mfanyabiashara wa nguo za kitani mjini Rotterdam, wakati huohuo akiwa mchoraji. Katika picha yake ya mwaka 1663, wanawake wawili wamesimama mbele ya kabati kubwa wakipanga mashuka yaliyokunjwa. Mtoto anacheza mlangoni, na mwanga wa mtaani unaingia. Hakuna wa kuchekwa. Kazi inafanywa vizuri, na utulivu wa nyumba unatokana na kazi hiyo. Mchoraji hakuuchora utulivu kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni.

MWANAMKE ALIPOSHIKA KALAMU

Wote niliowataja hadi hapa ni wanaume. Mbele yao kidogo alikuwapo mwanamke wa Amsterdam, Geertruydt Roghman, aliyezaliwa mwaka 1625 katika jamaa ya wasanii. Yeye alichonga katika mabamba ya shaba michoro mitano ya wanawake kazini: kushona, kusokota nyuzi, kupika, kusugua vyombo. Michoro ya aina hiyo ilichapwa kwenye karatasi, na hivyo iliweza kununuliwa hata na mtu asiyeweza kununua picha ya rangi.

Katika baadhi ya michoro hiyo mwanamke ametupa mgongo. Uso wake hatuuoni. Tunaona mabega yaliyoinama, mikunjo ya nguo na vyombo vinavyongoja zamu yao. Hatabasamu ili kutupendeza, wala hasinzii ili tumcheke. Hana nafasi, maana yuko kazini. Sijui kama kuna ukweli mkubwa kuliko huo juu ya kazi ya nyumbani: anayeifanya hageuki kutazama nani anamwangalia.

JIKONI PARIS

Miaka mia hivi baadaye, huko Paris, Jean-Siméon Chardin, mtoto wa seremala, aliendeleza kazi hiyo. Alichora mfuaji akiwa na beseni la povu, na mwanamke aliyeinama juu ya pipa akisugua sufuria. Picha yake ya mwaka 1739, iliyomo katika Louvre, yaonyesha mtumishi aliyerudi sokoni. Ametua mikate mikubwa juu ya kabati na kuegemea hapohapo; mkono mmoja bado umeshika kitambaa kilichofungwa nyama. Chardin hakuchagua dakika ya kununua wala ya kupika. Alichagua ile dakika ya kutua mzigo, ambayo kila abebaye kapu kutoka sokoni anaijua katika mabega yake.

Mwaka uliofuata Chardin alimkabidhi Mfalme Louis wa 15 picha mbili, mojawapo ikiwa ya mama anayewaandalia watoto chakula huku wakisali. Mfalme aliyeishi katika jumba la kifahari la Versailles, akihudumiwa na watu wasiohesabika, akamiliki picha ya mama wa kawaida anayepakua chakula kwa mkono wake mwenyewe. Picha ya kazi inaweza kupendwa na mtu asiyewahi kuifanya. Hilo ni jambo la kujihadhari nalo, maana kuipenda picha ni rahisi kuliko kumlipa aliyechorwa.

Karne ya 19 viwanda na miji vilipokua, kazi za nyumbani nyingi zilitoka nje ya nyumba na kuwa kazi za ujira. Honoré Daumier, ambaye mwaka 1832 alifungwa gerezani kwa ajili ya michoro ya kumkejeli mfalme, alikaa Paris karibu na mto Seine. Aliwaona wafuaji wakishuka na kupanda kila siku. Yapata mwaka 1863 alimchora mmoja wao akipanda ngazi za mawe kutoka mtoni. Mkono mmoja umekumbatia furushi la nguo. Wa pili umemshika mtoto, ambaye naye amebeba kipande cha mti cha kupigia nguo. Kila ngazi kwa mtoto huyo ni mlima. Uso wa mama hauonekani vizuri, nao mgongo wake umeinama kwa mtoto na kwa mzigo kwa pamoja. Hapa hakuna jiko lenye utulivu. Pana siku ndefu ya kazi, na kesho yake imekwisha kushikwa mkono.

Naye Edgar Degas, miaka ya 1884 hadi 1886, alichora wapiga pasi wawili. Mmoja ameilalia pasi kwa mikono yote miwili, uzito wa mwili wote ukiwa juu ya shati la mtu mwingine. Mwenzake ameshika chupa na kupiga mwayo, mkono shingoni. Ukiulinganisha mwayo huo na usingizi wa yule msichana wa Maes, utaona safari ya miaka mia mbili. Pembeni hakuna tena bibi wa kutukonyeza. Uchovu umechorwa kama uchovu.

HAPA KWETU

Katika Tanganyika ya wakoloni mwanamume mzima mwenye mke na watoto, akifanya kazi ya kupika au kufua katika nyumba ya Mzungu, aliitwa "boi", yaani mtoto. Jina lake la kuzaliwa liliachwa nje ya mlango, kama lile la mwanamke wa Delft.

Mmoja wa waliopita katika kazi hizo ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya katani ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akawa mtumishi katika nyumba ya ofisa wa Kiingereza. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora kwa rangi za mafuta za bei nafuu juu ya vipande vya mbao laini za kujengea, na picha zake zikauzwa Oysterbay, karibu na nyumba za watu wa daraja lile lile alilokuwa akilitumikia. Alifariki mwaka 1972, lakini leo mtindo wote wa uchoraji unaitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alipenda zaidi kuchora wanyama na ndege. Waliofuata mtindo wake ndio waliozidi kuchora maisha ya watu: wanawake wakitwanga, wakiteka maji, wakiuza sokoni. Katika historia ya picha tulizozitaja, huyu ni mtumishi aliyeuvuka mstari, akashika brashi na kutia sahihi jina lake.

TUFANYE NINI?

Mwaka 2011, katika mkutano wake wa Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba huo unasema kwamba mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mwaka 2021 shirika hilo lilikadiria kwamba wapo wafanyakazi wa nyumbani milioni 75.6 duniani, na zaidi ya robo tatu yao ni wanawake. Tanzania Bara nayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa mapumziko kama hayo ya wiki, na inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

Sheria ni nzuri, lakini mkaguzi wa kazi hawezi kuingia katika kila jiko. Jiko lina mkaguzi mmoja tu, naye ni mwenye nyumba. Ndiyo maana nimeona vema kukuletea wachoraji hawa. Wao hawakuwa watunga sheria. Walichofanya ni kumtazama mtu akiwa kazini kwa muda mrefu kuliko tunavyozoea kumtazama, na kila aliyetazama kwa haki aliona jambo ambalo waliomo ndani ya nyumba hawakuliona: dakika ya kutua mzigo, mgongo ulioinama, mwayo wa saa tisa alasiri.

Jaribu, ndugu msomaji, jioni ya leo. Mtazame anayepika na kuosha vyombo nyumbani mwako, awe ni mkeo, mama yako, binti yako au msichana uliyemwajiri. Jiulize aliamka saa ngapi na atalala saa ngapi. Kama umemwajiri, jiulize kama unalijua jina lake kamili na kwao ni wapi, mara ya mwisho alipumzika siku gani, na kama mshahara wake wa mwezi uliopita umemfikia mkononi. Kama ni wa jamaa yako, jiulize ni sufuria ipi unayoweza kuisugua wewe mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba naye si mgeni nyumbani kwake.

Mwanamke wa Delft ameyamimina maziwa yale kwa zaidi ya miaka 360, na dunia nzima imemtazama bila kulijua jina lake. Huyo hatuwezi kumsaidia tena. Aliye jikoni mwetu bado tunaweza kumwita kwa jina.